Mtoto Mwenye Kipawa cha Hisabati: Arushwe Darasa au Aongezewe Kina?

Katika shule nyingi za msingi yupo mwanafunzi anayemaliza zoezi la hisabati kabla mwalimu hajamaliza kuandika maswali ubaoni. Wenzake wanapoanza swali la pili, yeye ameshafunga daftari. Ama anachora pembezoni mwa ukurasa, ama anamchokoza jirani yake, ama anatazama dirishani. Mzazi akiitwa shuleni huelezwa kuwa mtoto wake ni mtundu. Ni nadra mzazi huyo kuelezwa kuwa mtoto amekosa kazi inayolingana na uwezo wake.

Nini kifanyike kwa mtoto wa namna hiyo ni swali linalowagawa wazazi na walimu. Wapo wazazi wanaotaka arushwe darasa mara moja, kwa kuamini kwamba kila mwaka anaokaa na wenzake ni mwaka uliopotea. Wapo walimu wanaokataa katakata, kwa kuhofia kwamba mtoto atakayeketi na waliomzidi umri atalemewa, atanyanyaswa au atavunjika moyo. Kila upande una methali ya kujitetea: mmoja husema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mwingine hujibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Makala haya yanaeleza kwa nini pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Uzoefu wa nchi mbalimbali unaonesha kwamba mara nyingi kinachohitaji kwenda mbele ni somo moja, wala si mtoto mzima. Na kwamba kabla ya kwenda mbele, ni lazima ithibitike kuwa alichokipita amekielewa.

Hisabati hujengwa kwa kozi

Hisabati hupangwa kama tofali za ukuta: kozi ya juu hukaa juu ya ile ya chini. Anayejua kuzidisha anaweza kugawanya. Anayeelewa kugawanya anaweza kuelewa sehemu. Anayeelewa sehemu anaweza kuingia katika uwiano, asilimia na hatimaye aljebra. Kwa mtoto mwenye kipawa, mpangilio huo ni faida. Fasihi na historia humtaka msomaji awe ameona mengi ya dunia, lakini hoja ya hisabati haidai umri. Mtoto wa miaka minane akiishika kanuni kwa uthabiti, anaweza kuifuata hadi mahali ambapo wanafunzi wa sekondari hufika wakiwa na miaka kumi na minne.

Mpangilio huo huo ndio unaoleta hatari. Kozi moja ya chini ikipinda, ukuta unaweza kusimama kwa muda, lakini ufa hujitokeza mzigo unapoongezeka. Mtoto aliyerushwa darasa bila kuelewa sehemu anaweza kupata alama nzuri kwa mwaka mmoja au miwili kwa nguvu ya kukariri, kisha akakwama ghafla katika milinganyo ya aljebra, asijue tatizo lilianzia wapi.

Hata hivyo, kumwacha alivyo nako kuna gharama yake. Mtoto ambaye katika miaka yote ya shule ya msingi hajapewa swali gumu hata mara moja hajifunzi kukabiliana na ugumu. Huzoea kuamini kwamba kuwa na akili ni kujibu bila kufikiri. Siku atakapokutana na swali lisilojibika kwa dakika moja, iwe ni sekondari au chuo kikuu, atadhani akili zake zimefikia ukomo. Kwa sababu hiyo suala hili si la sifa ya familia wala ya shule. Linahusu tabia ya kujifunza ambayo mtoto atakwenda nayo maisha yake yote.

Wepesi wa kukokotoa si kipimo pekee

Si kila anayekokotoa haraka ana kipawa, na si kila mwenye kipawa hukokotoa haraka. Mtoto anayejua jedwali la kuzidisha kwa moyo amefanya kazi nzuri, lakini huenda amezoezwa kwa bidii nyumbani au katika masomo ya ziada. Kipawa hujionesha zaidi katika namna mtoto anavyofikiri. Huuliza kwa nini kanuni inafanya kazi. Hutafuta njia fupi ambayo hakufundishwa. Huona mpangilio katika namba, hutunga maswali yake mwenyewe, na haridhiki na jibu sahihi ambalo halielewi.

Mfano mashuhuri ni wa Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777 mjini Braunschweig, Ujerumani, katika familia ya kipato cha chini, na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kupata kutokea duniani. Husimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi mdogo, mwalimu wake, Büttner, alilipa darasa kazi ndefu ya kujumlisha, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa namba zote kuanzia 1 hadi 100. Gauss alitoa jibu karibu papo hapo: 5,050. Siri yake, kwa maelezo yaliyozoeleka, ilikuwa kuona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, 3 na 98 ni 101, na kwamba jozi za namna hiyo ni 50. Akazidisha 50 kwa 101.

Sehemu ya pili ya simulizi hiyo haisimuliwi sana, ingawa ndiyo yenye funzo kwa walimu. Inaelezwa kwamba Büttner alitambua kuwa hana tena cha kumfundisha mtoto huyo, akamwagizia kitabu bora zaidi cha hesabu kutoka Hamburg. Msaidizi wake, kijana Martin Bartels, aliyemzidi Gauss kwa miaka minane tu, akawa anasoma naye. Hakukuwa na shule maalumu wala vifaa vya gharama. Kilichohitajika ni kitabu kinachomzidi mtoto kidogo, na mtu wa kukisoma naye.

Mwalimu wa leo anaweza kupima kina cha uelewa kwa swali moja la sehemu. Mwanafunzi aulizwe 6 gawanya kwa nusu ni ngapi. Aliyekariri kanuni ya kugeuza na kuzidisha atajibu 12. Kisha aulizwe kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko 6, ilhali amegawanya. Mwenye uelewa ataeleza, kwa mfano, kwamba kitambaa cha mita 6 kikikatwa vipande vya nusu mita hutoa vipande 12. Aliyekariri tu atarudia kanuni. Wote wawili wamepata jibu sahihi, lakini ni mmoja tu aliye tayari kwenda mbele.

Walimu wanapaswa pia kuwatazama wale ambao kipawa chao hufichika. Yupo msichana anayenyamaza kwa sababu amesikia mara nyingi kwamba hisabati ni ya wavulana. Yupo mtoto ambaye lugha ya kufundishia bado inampa tabu, hivyo hushindwa kusoma swali la maneno ilhali hesabu yenyewe angeiweza. Yupo mwenye mwandiko mbovu, mwenye ulemavu wa kuona au kusikia, na yule anayemsaidia mama yake gengeni na kurudisha chenji ya wateja watatu kwa mpigo, ambaye darasani huhesabiwa kuwa wa kawaida kwa sababu tu hukosa kukamilisha kazi za nyumbani.

Njia nne, kuanzia iliyo nyepesi

Neno kuharakisha huwafanya wengi wafikirie jambo moja tu, yaani kurushwa darasa. Kwa hakika zipo njia kadhaa, na ni busara kuanza na ile isiyobadilisha mengi katika maisha ya mtoto.

Njia ya kwanza ni kuliongezea somo kina. Mtoto hubaki katika mada ile ile na wenzake, lakini hupewa maswali yanayodai fikra zaidi. Wenzake wanapotafuta mzingo wa mstatili, yeye huulizwa: mfugaji ana uzio wa mita 24, ajenge banda la kuku la mstatili lenye vipimo gani ili eneo liwe kubwa kuliko yote? Atagundua kwamba mita 1 kwa 11 hutoa mita za mraba 11, mita 4 kwa 8 hutoa 32, na mita 6 kwa 6 hutoa 36. Akishajibu, huulizwa tena: je, ukuta wa nyumba ukitumika kuwa upande mmoja wa banda? Sasa jibu ni mita 6 kwa 12, na eneo ni mita za mraba 72. Swali hilo limemfikisha kwenye mlango wa hisabati ya juu bila kumtoa katika dawati lake.

Njia ya pili ni kubana mada. Mwalimu humpa mwanafunzi jaribio la mwisho wa mada kabla mada haijaanza. Sehemu anazozijua hazirudii. Sehemu anazozikosa hufundishwa pamoja na wengine. Muda uliookolewa hutumika kwa kazi ya kina au kwa mada inayofuata. Njia hii ina faida ya kumfundisha mtoto unyenyekevu, kwa kuwa mara nyingi jaribio hubaini pengo ambalo yeye na wazazi wake hawakulijua.

Njia ya tatu ni kuharakisha somo moja. Mtoto wa Darasa la Tatu husoma masomo yote na wenzake, isipokuwa katika kipindi cha hisabati, ambapo hujiunga na Darasa la Nne au la Tano. Shule ikipanga vipindi vya hisabati vya madarasa hayo viwe wakati mmoja, utaratibu huo hauhitaji mwalimu wa ziada wala chumba kipya.

Njia ya nne ndiyo ya kurusha darasa, ambapo mtoto huhama kwa masomo yote. Hii humfaa mtoto aliyewazidi wenzake katika kusoma, kuandika na masomo mengine pia, na ambaye kimaadili na kihisia ameshakomaa kukaa na wakubwa. Kwa mtoto ambaye uwezo wake wa pekee uko katika hisabati tu, kurushwa darasa humtatulia tatizo moja na kumzulia mengine matano.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 1971, Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani alianzisha utafiti wa kuwatambua na kuwafuatilia vijana wenye uwezo mkubwa wa hisabati. Utafiti huo, ambao baadaye uliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, umewafuatilia washiriki wake kwa miongo kadhaa, tangu utotoni hadi utu uzima. Mwaka 2004 wataalamu Nicholas Colangelo, Susan Assouline na Miraca Gross walichapisha ripoti iliyokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu suala hili, na ripoti nyingine ya kuiendeleza ilitoka mwaka 2015. Ripoti ya mwaka 2004 ilibainisha aina 18 za kumharakisha mwanafunzi.

Kwa ujumla, tafiti hizo zimebaini kwamba wanafunzi wenye uwezo mkubwa walioharakishwa kwa utaratibu mzuri hufanya vizuri sawa na wanafunzi wenye uwezo kama wao katika darasa walilohamia, na huwaacha mbali wenzao wa umri na uwezo ule ule ambao hawakuharakishwa. Aidha, hofu kwamba kila anayeharakishwa huharibikiwa katika mahusiano na wenzake haikuthibitika. Lakini msisitizo uko kwenye maneno mawili: utaratibu mzuri. Walioharakishwa walipimwa kwanza, wakaandaliwa, wakasimamiwa. Kumpeleka mtoto mbele kwa sababu jirani amempeleka wake hakumo katika yaliyothibitishwa na tafiti hizo.

Kisa cha Terence Tao

Terence Tao alizaliwa mwaka 1975 mjini Adelaide, Australia. Wazazi wake walimpeleka shule akiwa na umri wa miaka mitatu na nusu, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza kusoma na kuhesabu. Baada ya wiki chache walimtoa. Akili yake ilikuwa tayari kwa masomo, lakini yeye mwenyewe hakuwa tayari kukaa darasani. Walisubiri hadi alipofikisha miaka mitano, wakatafuta shule ya msingi ambayo Mwalimu Mkuu wake alikubali kupanga ratiba kulingana na mahitaji ya mtoto.

Kuanzia hapo Tao alisoma kila somo katika ngazi iliyolingana na uwezo wake katika somo hilo. Alipokuwa na miaka saba na nusu alianza kuhudhuria vipindi vya hisabati katika shule ya sekondari ya jirani, huku akiendelea na shule ya msingi kwa sehemu nyingine ya siku. Akiwa na miaka minane, katika mtihani wa hisabati unaotumika kuwapima wanafunzi wanaoomba kujiunga na vyuo vikuu nchini Marekani, alipata alama 760 kati ya 800. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati alipata medali ya shaba mwaka 1986, fedha mwaka 1987 na dhahabu mwaka 1988.

Kwa uwezo huo, wazazi wangeweza kumwandikisha chuo kikuu kwa muda wote akiwa na miaka tisa. Hawakufanya hivyo. Alihudhuria baadhi ya masomo ya Chuo Kikuu cha Flinders kwa muda, na akawa mwanafunzi kamili wa chuo hicho alipofikisha miaka 14. Mwaka 2006 alitunukiwa Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati duniani. Kisa chake husimuliwa kama kisa cha kasi, lakini ukikitazama kwa makini, kimejaa maamuzi ya kusubiri.

Srinivasa Ramanujan wa India, aliyezaliwa mwaka 1887, anaonesha upande mwingine. Akiwa na miaka 16 alipata kitabu kikubwa cha kanuni za hisabati, akazama humo peke yake. Alipoingia chuo mjini Kumbakonam kwa ufadhili, aliyaacha masomo mengine nyuma kiasi cha kuyafeli, na ufadhili ukaondolewa. Ilichukua miaka mingi ya dhiki kabla ya mwanahisabati G. H. Hardy kumwalika Cambridge, alikofika mwaka 1914. Kipawa chake kilikuwa cha hali ya juu, lakini hakupata mtu wa kumwongoza mapema namna ya kukilinda kwa kuyapa masomo mengine haki yake.

Hatua za kufuata kabla ya uamuzi

Shule inayofikiria kumharakisha mwanafunzi inashauriwa kwenda hatua kwa hatua. Kwanza, mwanafunzi apimwe kwa mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa alilomo, na akifaulu kwa kiwango cha juu, apimwe kwa ule wa darasa linalofuata. Maswali yadai maelezo, si majibu matupu. Pili, mapengo yaliyobainika yaorodheshwe na yazibwe kabla ya hatua nyingine. Tatu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa hisabati, Mwalimu Mkuu na wazazi wakutane, na mtoto mwenyewe asikilizwe. Mtoto asiyetaka kuhama asilazimishwe, aulizwe sababu.

Nne, mwalimu atakayempokea aandaliwe. Mtoto mdogo akipokewa kwa maneno ya kejeli, au akitumiwa kuwaaibisha wakubwa walioshindwa swali, utaratibu wote utaharibika ndani ya wiki moja. Tano, uwekwe muda wa majaribio, kwa mfano muhula mmoja, na ieleweke tangu mwanzo kwamba kurudi katika kipindi cha awali si adhabu wala aibu. Sita, kumbukumbu za maandishi zitunzwe, ili mwalimu wa mwaka unaofuata asianze upya.

Suala la kurusha darasa lina uzito wa ziada, kwa kuwa usajili wa mwanafunzi na upimaji wa kitaifa, ukiwemo ule wa Darasa la Nne, hufuata darasa alilomo. Mzazi anayeona kwamba mwanawe anastahili hatua hiyo anapaswa kuwasilisha ombi kwa Mwalimu Mkuu na kupata mwongozo wa Ofisi ya Elimu ya Halmashauri, badala ya kutafuta njia za mkato kwa kumhamishia shule nyingine na kumwandikisha darasa la juu.

Darasa lenye wanafunzi wengi

Walimu wengi watauliza, na wana haki ya kuuliza, mambo haya yatawezekanaje katika darasa lililojaa. Jibu ni kwamba mwalimu hahitaji kuandaa somo la pili kwa ajili ya mtoto mmoja. Anahitaji swali moja lililo wazi, ambalo kila mwanafunzi anaweza kulianza lakini si kila mmoja atalimaliza.

Bao linatosha kuwa mfano. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Wanafunzi waambiwe waweke kete 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, na waendelee kuongeza maradufu. Kete zitaishia shimo lipi? Darasa zima litaweza kuhesabu na kuona kwamba mashimo sita ya kwanza humeza kete 63, na inabaki 1 tu kwa shimo la saba, lililohitaji 64. Mwanafunzi mwenye kipawa aachiwe swali la kuendelea nalo: kila mara jumla ya mashimo yaliyotangulia imepungua kwa 1 kuliko shimo linalofuata, kwa nini? Na je, kujaza mashimo yote 32 kungehitaji kete ngapi? Jibu ni 4,294,967,295, na njia ya kulifikia bila kujumlisha namba 32 ni somo kamili la vipeo.

Mwanafunzi wa namna hiyo asigeuzwe kuwa mwalimu msaidizi kila siku. Kumweleza mwenzake humsaidia kupanga mawazo, lakini akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa amewanufaisha wengine na yeye kubaki pale pale. Vivyo hivyo, asipewe maswali ishirini zaidi ya aina ile ile kwa sababu amemaliza kumi mapema. Mtoto ana akili. Atajifunza upesi kwamba malipo ya kumaliza ni kazi zaidi, na ataanza kufanya polepole kwa makusudi.

Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, inasisitiza kujenga umahiri badala ya kukariri, na maswali ya aina hii yanaendana na msisitizo huo. Kwa upande wao, walimu wanaweza kuyatunga na kubadilishana kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambapo hukutana shuleni kujadili mada zinazowapa changamoto.

Wajibu wa mzazi

Mzazi ndiye wa kwanza kuona kipawa, na kwa bahati mbaya anaweza kuwa wa kwanza kukichosha. Mtoto anayeitwa mbele ya kila mgeni azidishe namba kubwa hujifunza kwamba thamani yake iko katika kushangaza watu. Mtoto anayetoka shuleni kwenda masomo ya ziada hadi usiku hukosa michezo, usingizi na muda wa kufikiri peke yake, ambao ndio udongo wa hisabati.

Yapo mambo mepesi yenye manufaa makubwa zaidi. Mtoto ashirikishwe kupanga bajeti ya wiki, kupima unga, kulinganisha bei ya kilo na ya kopo, na kukadiria muda wa safari. Asifiwe kwa juhudi na kwa njia aliyotumia, kuliko kuitwa genyasi. Vitabu vya hisabati vya madarasa ya mbele vinapatikana bila malipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), hivyo mzazi mwenye simu janja anaweza kumfungulia mtoto mlango ambao Büttner aliufungua kwa kuagiza kitabu kutoka mji wa mbali. Mzazi asiyejua hisabati hana sababu ya kuona haya. Kumwambia mtoto, "Hebu nieleze umepataje," humsaidia zaidi ya kumpa jibu.

Miaka isiyosubiri

Tanzania ina shule za sekondari za vipaji maalumu, zikiwemo Ilboru mkoani Arusha, Mzumbe na Kilakala mkoani Morogoro, Kibaha mkoani Pwani, Msalato mkoani Dodoma, pamoja na Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Chama cha Hisabati Tanzania (CHAHITA) nacho huadhimisha kila tarehe 14 Machi Siku ya Pai, ambayo UNESCO mwaka 2019 iliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Lakini milango ya shule hizo hufunguka baada ya elimu ya msingi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kipawa yuko mikononi mwa mwalimu wa kawaida, katika shule ya kawaida, mara nyingi kijijini. Kama kipawa chake kitafika kwenye milango hiyo kikiwa hai kunategemea anachopewa akiwa na miaka saba, minane na tisa.

Hatua ya kwanza haihitaji kibali wala bajeti. Mwalimu anaweza kesho kumpa mwanafunzi huyo jaribio la mwisho wa mada ijayo, akaketi naye dakika kumi kusikiliza anavyofikiri, kisha akamwita mzazi, safari hii si kwa ajili ya utundu. Uamuzi wa kumpeleka mbele, kumwongezea kina au kumsubirisha utatokana na kile kitakachosikika katika dakika hizo.